Ijumaa ya Kamanda

Jumapili, 10 Machi

Kasuku mdogo wangu,

Usishtuke kuona barua inatoka ndani ya koti. Aliyekuletea ni Mama Mitumba, jirani yangu wa dukani, yule mnene mwenye kicheko. Kila anapokuja huko kwenu kununua marobota, askari wa mpakani wanampekua mabegi, wanapekua viatu, hata kitana wanakitazama kama kina siri. Koti alilovaa hawaligusi kwa sababu linanuka jasho. Basi nimefumua bitana, nimeingiza barua, nimeshona. Ukijibu ufanye hivyo hivyo kabla hajarudi. Najua hujawahi kushika sindano ila ya kutolea mwiba, lakini jikaze. Simu usinipigie kabisa. Ulipopiga Januari, kesho yake walikuja wanaume wawili kuniuliza Kasuku ni ndege wa aina gani.

Mume wangu ana miezi mitano tangu wamchukue. Kisa unakijua, ila nakiandika ili uwe nacho mkononi. Siku ya maandamano majeruhi kumi na saba waliletwa wodini kwake. Wakubwa wa hospitali wakamwambia aandike "ameanguka" kwenye mafaili yote. Yeye akaandika "risasi, paja la kushoto", "risasi, bega", hivyo hivyo mpaka wa kumi na saba. Nilimwambia, wewe ni nesi, si hakimu. Akanijibu kwamba akiandika ameanguka, nesi wa zamu inayofuata hataitafuta risasi. Siku ya tatu wakamfuata wodini akiwa anabadilisha dripu ya mgonjwa. Nimekwenda kituoni mara ishirini na mbili. Wanasema hawamjui. Watu hao hao nawashonea sare, Kasuku! Viuno vyao navijua kwa inchi, wao mume wangu hawamjui.

Wiki iliyopita askari mmoja alileta suruali ipunguzwe. Chini ya suruali, ndani ya mfuko, kulikuwa na shati la mume wangu. Lina damu mgongoni. Akaninong'oneza, "Yu hai, fundi. Jana nilimpa maji." Kisha akauliza kwa sauti suruali itakuwa tayari lini.

Sasa tuwekeane kanuni. Siku moja wanaweza kunikalisha kitako niandike wanayotaka wao. Barua niliyoandika kwa moyo wangu, bitana nitaishona kwa uzi mara mbili. Ukiona uzi mmoja, jua kuna mtu alisimama nyuma ya kiti changu, usiamini hata nukta. Kabla hujafumua, tazama kwanza.

Unasema huko mnapiga kelele kwa ajili ya watu kama yeye. Nieleze hizo kelele zinafanya kazi vipi. Usinipe hotuba. Mimi silali.

Dada yako


Jumapili, 17 Machi

Dada yangu,

Uzi ni mara mbili, nimeuona. Nimeisoma barua yako mara nne, mara mbili nikiwa chooni kazini, maana bado nafua shuka za hoteli mchana na msimamizi anatuchunga kama mbuzi.

Jioni na siku za mapumziko niko kwenye chama cha kutetea waliopotezwa. Usidhani ni jengo la vioo. Ni chumba kimoja juu ya duka la kutengeneza baiskeli, meza tatu, birika moja, na ngazi inayolia ukiikanyaga. Mkuu wetu tunamwita Wakili. Ni mama mtu mzima, hakuzaliwa kwetu, ana miaka kumi na tisa katika kazi hii na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Mimi mwalimu niliyetoroka na begi la mgongoni ndiye ninayemsaidia kesi za nyumbani.

Uliuliza kelele zinafanya kazi vipi. Hatuna jeshi wala jela. Tunachofanya ni kukusanya ushahidi mpaka uwe mzito, halafu tunaubwaga mahali ambapo serikali haiwezi kujifanya haioni. Tarehe 12 Juni, siku ya Jumatano, serikali yetu itaitwa mbele ya kamati ya mataifa ijibu kuhusu waliopotezwa. Sisi tumepewa dakika nne. Tunataka tumtaje Kamanda wenu, mkuu wa askari hao wa kituoni, pale pale, na nchi mbili zimfungie viza na akaunti zake. Watoto wake wanasoma nje, dada. Mkewe hata jino halingʼoi nyumbani. Mtu wa hivyo ukimwita muuaji anacheka, ila mnyime safari uone.

Tunachokosa ni familia iliyo tayari. Nimekuwekea fomu ya ridhaa. Isome taratibu. Kanuni ya kwanza ya chama ni kwamba bila ridhaa ya familia hatusemi kitu, na familia ikibadili mawazo, hata iwe dakika ya mwisho, tunanyamaza. Wakili anasema aliyebaki nyumbani ndiye anayeliwa na kunguni wa kitanda hicho.

Nataka shemeji arudi, dada. Tangu niondoke usiku ule bila kuwaaga, sijafanya jambo hata moja la kujivunia. Niachie hili nilifanye.

Mdogo wako,
Kasuku


Jumapili, 14 Aprili

Kasuku,

Kwanza kabisa, ule uliofanya kwenye bitana si mshono, ni ajali. Mama Mitumba amepita mpakani uzi unaning'inia kama mkia. Fuata mashimo ya sindano yangu, mpumbavu wewe, na uzi uufunge mwisho.

Fomu nimeisoma. Nimekaa nayo siku tisa chini ya godoro la mama mkwe, ambaye hajui anachokilalia. Kila siku anauliza, "Nesi wangu atarudi lini?" nami kila siku nasema karibuni. Nimesema karibuni mpaka neno limechakaa.

Nimetia sahihi. Masharti yangu ni matatu. Jina lisitajwe, sura isionekane, mji usitajwe. Na hiyo kanuni yenu ya kunyamaza nimeipigia mstari, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nitie sahihi. Nikisema basi, iwe basi. Usije ukanigeukia na maneno mengi, nakujua wewe ulivyo.

Shati nalo nakutumia. Mama Mitumba amejifunga nalo kiunoni ndani ya koti, anasema amepata mume mpya. Nilitaka kulifua, mkono ukakataa. Nilimshonea mwenyewe alipopata kazi wodini, nikamwambia mtu anayeshika wagonjwa asivae mitumba. Lishike vizuri.

Huku hakuna habari yoyote. Yule askari wa suruali amehamishwa. Sijui kama mume wangu bado anapata maji. Nikisikia gari linapunguza mwendo nje, cherehani naisimamisha.

Dada yako


Jumapili, 5 Mei

Dada,

Mama Mitumba amekuja bila barua yako. Amesema u mzima ila umepungua. Kula.

Nina habari! Picha ya shati imetoka. Magazeti matatu ya huku, na kwenye simu imezunguka mpaka nimeshindwa kuhesabu. Masharti yako tumeyashika yote. Hakuna jina, hakuna sura, hakuna mji. Ni shati tu limelazwa juu ya karatasi nyeupe, kola mpaka pindo, na chini maneno sita: "Mwenye shati hili yuko wapi sasa?" Nilimwona mwanamke mmoja kwenye treni akiitazama picha hiyo akilia, mtu baki kabisa. Nikataka kumwambia ni la shemeji yangu, nikajizuia.

Wabunge wawili wa huku wameuliza maswali bungeni. Serikali yetu imejibu kwamba ile ni damu ya mbuzi. Wakili akasema wakianza kujibu, ujue inauma.

Na jambo jingine. Wakili amesema tarehe 12 nitasema mimi. Dakika nne zote. Kila siku nafanya mazoezi mbele ya mashine za kufulia, zinavuma kama watu mia, nami nazishinda kwa sauti. Wenzangu wa shuka wanadhani nimeokoka.

Safari hii nimeshona vizuri, tazama.

Kasuku


Alhamisi, 6 Juni

Kasuku,

Nimemwomba Mama Mitumba aondoke kesho, kabla ya siku zake za safari. Atakufikia Jumapili. Soma mpaka mwisho ndipo ufungue mdomo.

Jana Kamanda alikuja dukani kupimwa sare ya cheo kipya. Alikuja na dereva tu. Akasimama juu ya kigoda, mimi nimepiga magoti nafunga pindo, pini zimejaa mdomoni. Akasema, "Fundi, mkono wako nimeuona kwenye simu." Nikadhani nitazimeza zile pini. Akaendelea, pole pole kabisa, kwamba mkewe ndiye aliyetambua. Kitundu cha mwisho cha kifungo, kile cha chini. Mimi nakishona kwa uzi mwekundu kwenye kila nguo inayotoka dukani, tangu nianze ufundi. Akafunua koti lake la sare akanionyesha chake. "Hiki na kile ni baba mmoja, mama mmoja."

Kasuku, mashati yako yote ya shule yalikuwa na uzi huo! Mlificha jina, mkaficha mji, mkaiweka sahihi yangu hadharani. Na mimi niliyelituma shati sikukumbuka pia. Jicho limeuzoea, haliuoni tena. Kwa hiyo sikutukani, nisije nikajitukana na mimi.

Nilisubiri anipige. Hakunipiga. Alisema, "Mumeo ninaye. Ni mzima. Ana jino moja pungufu na anakula." Ni mara ya kwanza mtu kukiri. Nikaanza kulia na pini zangu mdomoni, nikaona aibu. Akasema, "Tarehe 12 kuna watu wataropoka huko nje. Wasiporopoka, Ijumaa ya tarehe 14 atalala kwake. Wakiropoka, mimi sitajua tena aliko." Akashuka kwenye kigoda, akaniuliza kama bega la kulia halijamvuta.

Najua utasema ni mwongo. Ni mwongo, ndiyo. Lakini mwongo huyo ndiye mwenye ufunguo, na wewe una dakika nne tu. Nimewaza usiku kucha. Hakuna aliyesimama nyuma ya kiti changu. Uzi ni mara mbili, utazame, uushike kwa kidole. Naondoa ridhaa yangu. Mpe Wakili barua hii, mwambie fundi amesema basi.

Usiseme, Kasuku. Kwa jina la mama yetu, usiseme. Nataka tu nimwone akivua viatu mlangoni.

Dada yako


Ijumaa, 14 Juni

Dada mpendwa,

Mama Mitumba alipata matatizo njiani, tukapishana, na barua yako imenifikia jana, Alhamisi. Kikao kilikuwa juzi. Nilikuwa nimekwisha kusema.

Laiti ingefika mapema! Nisingefungua mdomo, unanijua. Sasa maji yamemwagika. Acha nikuambie ilivyokuwa, labda itakupa moyo. Ukumbi mkubwa, kila mtu na kifaa sikioni. Ujumbe wa serikali yetu ulikaa mstari wa mbele, suti mpya. Nilipomtaja Kamanda kwa cheo chake na jina lake, yule mkuu wao akaacha kuandika. Nikasema kuhusu majeruhi kumi na saba na neno "ameanguka". Nikalionyesha shati. Mjumbe wa kamati akawauliza: mtu huyu yu hai au amekufa? Wakajibu watafuatilia. Akawauliza mara ya pili, na mara ya tatu. Hawajawahi kubanwa namna ile, dada.

Leo ni hiyo Ijumaa. Sijala tangu asubuhi. Kama amerudi au hajarudi, niletee neno, hata moja.

Mdogo wako,
Kasuku


Jumapili, 23 Juni

Kasuku,

Amerudi.

Ijumaa tarehe 14, saa kumi na moja jioni, gari lilisimama pale kwenye kona, likamtema, likaondoka. Aliingia akiwa na ndala zisizofanana. Mama mkwe alimtazama, akamwambia, "Umechelewa, chakula kimepoa," halafu akaanguka chini akazimia. Ikabidi mgonjwa amhudumie mzima. Tulicheka, Kasuku, wallahi tulicheka tukilia.

Amekonda. Jino si moja, ni matatu. Mkono wa kulia umefungwa kitambaa, anasema aliteleza bafuni. Usiku analala chini, godoro linamtia hofu. Hajauliza habari zako, nilimweleza mwenyewe, na ameomba karatasi akuandikie.

Sasa tuje kwetu wawili. Mama Mitumba alipokuja kunipa pole na hongera kwa pamoja, nikamuuliza ni matatizo gani yaliyompata njiani hata akachelewa. Akanishangaa. "Matatizo gani? Jumapili saa nane mchana nilikuwa chumbani kwa mdogo wako. Amenipikia chai. Koti nililivua mbele yake."

Jumapili, Kasuku. Kikao Jumatano.

Nimeirudia barua yako, ile ya "laiti ingefika mapema". Nimeisoma mpaka nimeijua kwa moyo. Sitaki kelele wala kuimba. Niambie kitu kimoja. Uliutazama uzi?

Dada yako


(Imo ndani ya barua hiyo hiyo)

Shemeji,

Samahani kwa mwandiko, natumia mkono wa kushoto, najifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Dada yako amekukasirikia. Usimjibu vibaya, ameniuguza siku tisa hajalala.

Asante kwa kuitaja habari ya mafaili. Nilidhani hakuna atakayejua kwa nini niliandika vile.

Katika chumba tulikuwa watano. Wanne wamebaki. Mmoja ni fundi bomba, mmoja dereva wa lori, mmoja mwanafunzi wa chuo, na mzee mmoja anayeuza magazeti. Alhamisi mlinzi aliuliza, "Nani ni mume wa fundi?" nikatoka peke yangu. Wale wengine walinitazama. Hawana mtu wa kuwapigia kelele huko nje, shemeji. Majina yao nitampa dada yako akikubali.

Shemeji yako, Nesi


Jumapili, 30 Juni

Dada,

Niliutazama.

Nilikaa nimepakata lile koti, Mama Mitumba anakunywa chai. Niliutazama uzi, nikaushika kwa kidole kama ulivyosema. Mara mbili. Nikajua ni wewe, nikajua umeandika kwa moyo wako. Nikasoma. Halafu nikaikunja barua, nikaitia ndani ya soksi, na Wakili sikumpa.

Jumatatu nilijiambia nitampa kesho. Jumanne nikajiambia labda ulishikwa, labda walikulazimisha kuishona mara mbili, nikajidanganya hivyo nusu siku. Sikuwa naamini. Jumatano asubuhi Wakili aliniuliza, kama anavyouliza kila familia kabla ya kikao, "Ridhaa bado ipo?" Nikasema ipo. Nilimtazama machoni nikasema ipo.

Niliwaza kwamba Kamanda akiona kimya kinalipa, hatamrudisha mtu. Nilidhani kelele ndizo zilizokuwa zinamweka shemeji hai. Bado nadhani hivyo. Lakini nisikufiche tena. Palikuwa na jingine chini yake. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki tano. Mimi niliyewakimbia usiku bila kuaga, nilitaka mara moja tu nisimame mahali na kusema bila kutoroka. Nilitaka dakika zangu nne. Hilo nalo nililipima na maisha ya mumeo, dada, likaonekana zito. Nina aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Nimemwambia Wakili kila kitu. Hakupaza sauti. Alinisikiliza, akavua miwani, akasema, "Miaka kumi na tisa watu wananiambia neno basi nami naliheshimu, hata linaponiua. Ndiyo maana wanatuamini." Akaniomba ufunguo wa chumba. Sina kazi tena kwenye chama. Nimebaki na shuka zangu.

Nchi zote mbili zimemfungia Kamanda. Imetangazwa juzi. Mwezi uliopita ningeruka mpaka dari.

Amerudi, dada. Najua sina haki ya kusema, lakini amerudi. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, niandikie hata matusi.

Kasuku


Jumapili, 21 Julai

Kasuku,

Matusi nilikuwa nayo. Niliyaandika kurasa tatu, nikazichoma.

Umesema kelele ndizo zilizomrudisha. Inawezekana. Kamanda naye aliahidi Ijumaa, na Ijumaa hiyo hiyo akamleta. Labda alikuwa amekwisha kuamua. Labda wewe ulimlazimisha. Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma na hakuna wa kunijibu, maana Kamanda simwulizi na wewe hujui.

Ila kuna ninalolijua, na nilitaka kukuficha, mume wangu aliniapisha nikufiche. Hakuteleza bafuni. Ni vidole vitatu vya mkono wa kulia, wamevivunja kimoja kimoja kwa mlango. Daktari wa hospitali anasema havitakunjika tena. Juzi alijaribu kumtafutia mama mkwe mshipa wa dripu, akashindwa, akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Nilimuuliza ni siku gani walimfanyia. Akasema Alhamisi asubuhi, muda mfupi baada ya mlinzi kuuliza mume wa fundi ni nani.

Jumatano ulisema. Alhamisi wakamvunja vidole. Ijumaa wakamrudisha. Hesabu hiyo nimeifanya mbele na nyuma. Kama ungenyamaza, pengine angerudi na vidole vyake. Kama ungenyamaza, pengine asingerudi. Yeye anasema nikushukuru. Mimi nakupenda, wewe ni mdogo wangu, nimekulea kwa hii mikono, na sikusamehi. Nimejaribu. Kila nikikaribia, naliona lile koti mapajani mwako.

Sare sishoni tena, wameniondolea kazi. Nashona nguo za shule na mapazia. Kamanda alipita hapa baada ya kufungiwa safari, akasimama mlangoni akanitazama tu, hakuingia.

Nakuandikia leo kwa jambo jingine. Wakili amepata njia yake ya kunifikia, ameomba radhi kwa niaba ya chama, na ameniuliza kama nitakubali kuzungumza na familia za wale wanne. Nimekubali. Nimemwambia atakayesema basi, nitalipeleka neno lake mimi mwenyewe mpaka mkononi mwa Wakili.

Sasa mke wa fundi bomba yuko hapa dukani, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi na mtoto mgongoni. Jana Kamanda alimfuata nyumbani. Amemwambia mumewe ni mzima, anakula, na kama watu wa nje watanyamaza, Ijumaa ijayo atalala kwake. Maneno yale yale, Kasuku, hata lile jino moja pungufu amelitaja.

Amekuja kwangu kwa sababu wangu alirudi. Ananiuliza wapige kelele au wanyamaze. Nimemwambia asubiri, nimalize barua. Nimeandika pole pole kuliko barua yoyote, na sasa nimefika mwisho, na bado ananitazama.

Dada yako